Mwenye kifafa aambiwe lini atarudi barabarani

Riziki ya Port Bell, Uganda, hutembea kwa magurudumu. Malori ya bia yanatoka kiwandani Luzira, mengine yanashuka gatini kwenye mizigo ya Mwanza na Kisumu, na bodaboda zinapenya katikati, abiria wawili nyuma na gunia la mkaa mbele. Katika mtaa wa namna hii leseni ndiyo kazi yenyewe. Dereva akianza kuanguka kifafa, hofu yake ya kwanza ni tajiri kujua, kisha wenzake wa steji. Ugonjwa wenyewe anaufikiria baadaye.

Tuseme mapema lisilo na mjadala. Ambaye kifafa chake hakijatulia asishike usukani, hata wa kumfikisha mtoto shuleni. Wengi wanadhani kifafa ni kuanguka chini na kutoka povu. Wakati mwingine macho hukodoa tu, vidole vikapapasa kifungo cha shati, mtu akaitwa asiitike, na mguu ukabaki umekakamaa juu ya pedali ya mafuta. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 140 ndani ya sekunde 10. Barabara ya Port Bell saa kumi na mbili jioni, mita 140 hizo zimejaa wanafunzi na wauza samaki. Pikipiki ni balaa zaidi, kwa sababu dereva huanguka pamoja na abiria wake.

Hayo ni ya aliyeanguka juzi. Je, aliyekaa miaka mitatu anakunywa dawa yake kila usiku, bila kuanguka hata mara moja? Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kumfungia mtu huyo barabara maisha yake yote ni kumwadhibu kwa jina la ugonjwa.

Nchi nyingine zimelimaliza suala hili kwa kuweka muda. Uingereza, kwa kawaida, dereva wa gari dogo hurudishiwa leseni akimaliza mwaka 1 bila kuanguka. Wa lori au basi sharti lake ni kali: miaka 10, tena bila kutumia dawa. Majimbo mengi ya Marekani hutaka miezi kadhaa, hata mwaka. Hatusemi Uganda inakili tarakimu hizo kama zilivyo. Tunasema mgonjwa anayejua tarehe yake ana sababu ya kusubiri na sababu ya kumeza dawa. Asiyeona mwisho atanyamaza aendelee kuendesha.

Lakini muda pekee hautoshi. Desemba 2014, mjini Glasgow, dereva wa lori la taka alizimia kwenye usukani na watu 6 wakafa. Hakuwa na kifafa, lakini uchunguzi ulionyesha kuwa mwaka 2010 alishawahi kuzimia akiwa dereva wa basi, na aliificha historia hiyo alipoomba kazi. Uingereza ina kanuni zake zote, na bado mkate wa mtu ulipokaa upande mmoja, ukweli ulikaa upande wa pili. Kwa hiyo tusimtupie methali ya mficha maradhi mtu ambaye akifichua anafukuzwa siku hiyohiyo. Makampuni ya malori yampe kazi ya stoo, ya geti au ya kuhesabu kreti mpaka daktari aseme yuko sawa. Tunalisisitiza hili kuliko mengine yote, kwa kuwa bila hilo hakuna dereva atakayejitokeza.

Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi nayo ibandike masharti ya kifafa kwenye ukuta wa kila ofisi ya leseni, kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza: miezi mingapi kwa gari dogo, miaka mingapi kwa lori na kwa pikipiki ya abiria, na ni daktari gani anayetia saini.

Liko pia suala la dawa. Fenobabitali ni dawa ya kifafa ya zamani na ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa dawa za kifafa zinaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka. Akiba ikiisha kwenye zahanati kwa wiki mbili, kifafa kilichotulia hurudi, na mwenye nacho huenda yuko barabarani. Kukesha na pombe hukiamsha vilevile, na dereva wa lori la usiku anavijua vyote viwili. Hospitali ya Butabika iko jirani tu, lakini kwa kuwa ni ya magonjwa ya akili wapo wanaokwepa foleni yake wasije wakaitwa wendawazimu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Viongozi wa steji walijue hilo, wajue na kumlaza mwenzao ubavu bila kumtia kijiko mdomoni.

Na wewe uliyeanguka wiki iliyopita ukawaambia wenzako ni uchovu: kesho mpe mwingine ufunguo, kisha nenda kliniki.