Mbunge wetu wa jimbo: tumpime kwa hesabu gani?



Wabunge wetu wamejifunza kugawa karatasi. Ukienda kanisani, ukienda sokoni, ukifika kwenye mazishi hata, kijana wa mheshimiwa anakupa karatasi yenye picha yake na namba chini: siku alizohudhuria, kura alizopiga, sheria alizopendekeza. Vikundi kadhaa vimetuletea ulizo lile lile: namba hizi tuzisome namna gani? Tunajibu leo, sababu wabunge waliochaguliwa tarehe 20 Desemba 2023 wana muhula wa miaka 5, na wakati wa kuandika hesabu yao ni sasa, si mwezi wa kampeni.

Kwanza tusichanganye watu. Siku ile ya uchaguzi tulipiga kura kwa mbunge wa taifa na kwa mbunge wa jimbo pamoja, na wengi wetu mpaka leo tunamlaumu mmoja kwa kazi ya mwingine. Wa taifa anakaa Kinshasa, mmoja kati ya 500. Wa jimbo anakaa hapa kwetu, na Katiba, kifungu cha 197, inampa kazi mbili: kutunga sheria za jimbo, na kuchunguza serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma za jimbo na za chini yake. Kujenga daraja si kazi yake. Kununua masanduku ya maiti si kazi yake. Akifanya hayo kwa makuta yake tunamshukuru kama jirani, lakini hayaingii katika hesabu ya ubunge.

Tuanze na mahudhurio, maana ndiyo namba wanayoipenda zaidi. Katiba, kifungu cha 110, inasema mbunge anapoteza kiti chake akikosa zaidi ya robo ya mikutano ya kikao kimoja bila ruhusa na bila sababu ya kweli, na kifungu cha 197 kinapeleka kanuni hiyo kwa wabunge wa majimbo pia. Basi anayejisifu kwamba amehudhuria mikutano 76 kwa 100, kama zile alizokosa hakuomba ruhusa, anajisifu kwamba hajafukuzwa. Ulizeni mambo mawili. Zile alizokosa, alikuwa mgonjwa, alitumwa kazi, au alikuwa kwenye biashara zake? Na zile alizokuja, alitia sahihi na kutoka, au alikaa mpaka saa ya kura? Kwenye likelemba tunajua sote yule anayefika kusalimia, anaandikwa, halafu anakumbuka kwamba ameacha chungu kwenye moto.

Ulizeni pia namba nzima, si ile ya kwa mia tu. Aliyekuja mara 3 katika mikutano 4 na aliyekuja mara 30 katika mikutano 40 wote wawili wanaandika 75 kwa mia. Wa kwanza hatujui kitu juu yake bado.

Sasa kura. Hapa ndipo karatasi za rangi zinadanganya zaidi, hata bila kusema uongo wowote. Chukueni mfano wa Bunge la Taifa. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, ile tunayoita eta de sieje. Katiba inasema baada ya siku 30 za kwanza, hali hiyo inaongezwa kwa siku 15 tu kila mara. Hesabuni wenyewe: mwaka una vipindi kama hivyo 24. Mara nyingine serikali ilipewa ruhusa ya kuongeza yenyewe wakati wabunge wako likizo, lakini mara nyingi sheria ile ile ilirudi mezani kupigiwa kura. Mbunge akiandika kwamba amepiga kura kwa sheria nyingi, sehemu nzuri ya hizo inaweza kuwa karatasi moja iliyobadilishwa tarehe. Amepiga kura, ndiyo. Lakini usihesabu mihogo kumi kama ni muhogo mmoja uliokatwa vipande kumi.

Halafu kuna kura ambazo wote wamesema ndiyo. Hizo hazikuonyeshi tofauti kati ya mbunge mmoja na mwingine. Kura ya kuandika kwenye kaye ni ile ambayo bunge liligawanyika. Kwa Bunge la Taifa Katiba inataka, kwa sheria nzima, kila mbunge aitwe kwa jina na ajibu kwa sauti; kwa hiyo jibu la wako linaweza kujulikana. Kwa bunge la jimbo, ulizeni kanuni zao za ndani zinasema nini. Redio ikitangaza tu jumla, hawa ndiyo, hawa hapana, hawa wamejizuia, msitosheke: ulizeni orodha ya majina.

Kupima wabunge kwa namba hakukuanzia kwetu. Huko Marekani walimu wawili wa siasa, Craig Volden na Alan Wiseman, walitengeneza hesabu ya kupima wabunge wa Kongresi, na baadaye hesabu hiyo ikapelekwa kwenye mabunge ya majimbo yao. Wanafuata kila sheria aliyoipendekeza mbunge: imewekwa mezani tu? imeshughulikiwa katika komisyo? imetoka komisyo na kuendelea? imepita bungeni? imekuwa sheria kweli? Na hawazipi uzito sawa. Ile ya sifa tu, kama kuipa jengo jina la mtu, ina uzito wa 1. Sheria ya kawaida yenye maana ina 5. Ile kubwa inayogusa maisha ya watu ina 10. Mimi napenda hasa hiyo namna ya kupima uzito, na kikundi chochote kinaweza kuifanya kwa kalamu na kaye. Mbunge mwenye mapendekezo manane yote ya kusifu na kupongeza ana 8. Mwenzake mwenye pendekezo moja tu kubwa juu ya maji ana 10, na amemshinda.

Lakini hesabu yao inapima sheria tu. Kwetu, nusu ya kazi ya mbunge wa jimbo ni kuchunguza. Kwa hiyo kaye yetu inahitaji ukurasa wa pili: maulizo aliyoyapeleka kwa gavana au kwa waziri wa jimbo, ya mdomo au ya kuandika, na kama aliomba waziri aitwe kujieleza, na kama aliomba komisyo ya uchunguzi. Pigeni mistari minne: tarehe, ulizo, jibu, na kilichobadilika. Mstari wa nne utabaki mweupe mara nyingi. Uacheni mweupe, msijaze kwa huruma.

Na maulizo nayo yana uzito. Kwa sisi tunaoishi karibu na migodi, liko moja ambalo ningelipa 10 bila kufikiri. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ushuru ule wa madini, rwayote, hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine, sekta au usultani ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mbunge wako ameuliza lini ile 25 ya jimbo imeingia kiasi gani, na imetoka kwenda wapi? Tunazaa kwenye maternite ambapo mama analeta ndoo yake ya maji kutoka nyumbani. Hilo ndilo ulizo la bajeti, hata kama halisikiki hivyo.

Kura moja kwa mwaka inazidi zote: bajeti ya jimbo, inayokuja katika kikao cha Septemba. Bunge linapaswa pia kupokea hesabu ya mwaka uliopita, makuta yaliyoingia na yaliyotumika kweli. Andikeni: mbunge wetu aliomba hesabu ya zamani kabla ya kusema ndiyo kwa bajeti mpya? Mweka hazina wa kikundi chenu hapati mchango mpya kabla ya kusoma kaye ya mwezi uliopita.

Tumtendee haki pia. Mbunge wa upinzani, au asiyekuwa katika biro la bunge, anaweza kupendekeza vizuri na kila kitu kikafia komisyo. Kumlinganisha na mwenye mamlaka ni kulinganisha anayesukuma mkokoteni kupanda mlima na anayeshuka. Hao Volden na Wiseman, pamoja na Dana Wittmer, mwaka 2013 walionyesha jambo la kufurahisha kwetu: katika Kongresi ya Marekani, wanawake wa chama chenye wabunge wachache walijua kuliko wanaume wa chama hicho kuyafikisha mbali mapendekezo yao. Kwetu wanawake katika Bunge la Taifa hawafiki 15 kwa 100, ingawa kifungu cha 14 cha Katiba kinadai usawa. Ndiyo maana mjihadhari mtu akisema "wanawake bungeni wanafanya kidogo" na kuonyesha wastani. Wakiwa watatu tu katika bunge la jimbo, mmoja akijifungua na kukaa nyumbani kikao kizima, wastani wa wote unaanguka kwa theluthi. Tazameni kila mmoja kwa jina.

Kuna kura ambayo hatutaihesabu kamwe, na ni ile yenye nguvu zaidi aliyo nayo mbunge wa jimbo. Yeye ndiye anayemchagua gavana, na ndiye anayewachagua maseneta. Kura juu ya mtu ni ya siri. Hakuna karatasi, hakuna orodha, na kila mara maneno ya makuta yanasikika mtaani bila mtu kuweza kuyathibitisha. Msikubali mbunge aiandike kura hiyo katika sifa zake, na msimhukumu kwa uvumi pia. Kinachoonekana ni sahihi. Hoja ya kumwondoa gavana na serikali yake haiwezi kupokelewa bila sahihi za robo ya wabunge. Ya kumwondoa waziri mmoja, sehemu moja ya kumi. Aliyetia sahihi ametia, na aliyeiondoa sahihi yake usiku kabla ya mkutano, hiyo nayo ni tarehe ya kuandika.

Mtapata wapi namba hizi? Mikutano ya bunge ni ya wazi, isipokuwa wakiamua kufunga milango. Nendeni wawili wawili, mmoja asikilize, mwingine aandike, na mbadilishane kila mkutano ili mtu asiache biashara yake siku zote. Mwandikieni mbunge mwenyewe, na kopi kwa biro la bunge, mkiomba tarehe za mikutano na maulizo aliyoyapeleka. Barua yenye sahihi za vikundi vitatu inajibiwa haraka kuliko ya mmoja. Asipojibu, andikeni tarehe ya barua na mwache nafasi pembeni.

Vikundi vinavyotaka kufuata kikao cha Septemba vilete majina mawili mawili kwa sekreteri wetu. Kaye zitapigwa mistari hapa ofisini ili zote zifanane, na kila mwezi tutazileta pamoja na kuzilinganisha.