Tusikicheke Choo cha Babu



Ndugu wasomaji, majuzi nilifuatana na vijana wetu wa madrasa kwenda kuyaona magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Msikitini walitulia kwa adabu. Kwenye kasri wakapiga picha. Tulipofika kwenye choo cha nyumba moja wakaangua kicheko, na ustadhi akawahimiza wapite haraka. Mimi naona hapo ndipo walipostahiki kukaa zaidi.

Mji ule wenyewe waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17. Milango imeoza, mapaa yameanguka, na wengi wa walioishi mle hata majina yao hatuyajui. Lakini choo kipo: shimo lililojengewa mawe, mahali pa kuchuchumaa, na pembeni pa kujitahirishia kwa maji. Mambo haya huyapati katika habari za masultani. Wachimbaji wa mambo ya kale wanalijua hilo, ndiyo maana shimo la choo hulifukua taratibu. Vigae, mifupa ya samaki na vitu vilivyotupwa humo husimulia watu walikula nini na walitumia vyombo gani.

Au nenda Lamu, katika nyumba za kale. Chooni utakuta birika la maji lililopakwa chokaa, chini yake limepachikwa bakuli la kauri ya Kichina, na majini wanaogelea visamaki. Si mapambo tu. Wale samaki hula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua, bakuli huwabakishia kidogo.

Kuna atakayesema hizo ni nyumba za matajiri. Kweli, na tusisahau kwamba maji ya mabirika yale mara nyingi yalichotwa na watumwa. Watu wengi choo chao kilikuwa uani, cha makuti, na wengine hawakuwa nacho kabisa. Hiyo nayo ni historia. Tanzania mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na kazi mojawapo waliyohimizwa ilikuwa kuchimba vyoo. Muulize bibi yako nani alichimba cha kwao, na usiku nani alimshikia taa.

Najua wengine wataona haya kuuliza. Staha ni jambo jema, na Kiswahili chenyewe kinatusitiri: twasema msalani, maliwatoni, uani. Lakini kustahi si kufuta. Kabla hujaita fundi aje kubomoa, piga picha, pima shimo kwa futi, na umkalishe mzee mmoja akueleze.

Sisi nyumbani tulilivunja birika letu tulipoweka choo cha kuvuta. Picha hatukupiga. Leo nikiwaambia wanangu kwamba mlikuwa na samaki chooni, wanadhani nawafanyia mzaha.