KAZI ZA MIKONO: Sanduku la pango na popo



Jioni moja ya mvua za vuli, mtoto wa dada yangu alipiga kelele. Aliona kitu kikubwa cheusi kikipita ukutani. Kilikuwa na mabawa mawili.

Asubuhi habari ilikuwa imekwisha fika kisimani. Watu walinong'ona. Wengine walimtaja bibi mmoja, jirani yetu. Bibi huyo anakaa peke yake. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni. Siku hiyo watoto walipita mlangoni kwake bila kumwamkia. Hata watu wazima walipita kimya.

Usiku wa pili nilikaa na mtoto karibu na taa. Tukangoja. Kipepeo wa usiku akaja, akaizunguka taa. Kivuli chake kikajaa ukutani. "Ndicho hicho!" mtoto akalia. Nikamwonyesha kipepeo. Alikuwa mdogo kama ukucha wa dole gumba.

Kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa. Kitu kikiwa karibu na taa, huzuia mwanga mwingi, na kivuli chake huwa kikubwa. Kikisogea mbali na taa kuelekea ukutani, kivuli hupungua.

Maneno peke yake hayakumtosha mtoto. Basi tulitengeneza sanduku la kutisha kwa mikono yetu. Huko Marekani watu hutengeneza masanduku ya namna hii mwezi wa Oktoba, kwa ajili ya sikukuu yao ya vitisho iitwayo Halloween. Sisi wa Tanga tunayo mapango yetu ya Amboni.

Mapango ya Amboni

Mapango hayo yapo karibu na kijiji cha Kiomoni, yapata kilometa 8 kaskazini ya mji wa Tanga. Ni mapango ya mawe ya chokaa. Maji yalipenya katika mawe, yakayala kidogo kidogo kwa miaka mingi sana. Ndani kuna giza, na popo ni wengi. Mawe yananing'inia juu kama meno. Meno hayo yametokana na matone ya maji yenye chokaa.

Wako watu wanaokwenda pale kuomba. Hayo ni mambo yao, nasi tunawaheshimu. Wengine husimulia kwamba njia ya pango inafika Mombasa, au hata Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1994 wataalamu waliingia na vipimo. Waliona kwamba pango lililo refu kuliko yote lina urefu wa meta 900 hivi. Hata njia ya gizani hupimika.

Vifaa vinavyotakiwa

- Boksi moja la sabuni au la viatu
- Boksi jingine la zamani, la kukata vipande
- Karatasi moja nyeupe ya daftari
- Gazeti la zamani
- Masizi ya sufuria
- Uzi wa katani
- Mafuta kidogo ya nazi
- Mkasi au wembe
- Tochi

Gundi tutapika wenyewe. Chukua vijiko 2 vya unga wa muhogo na kikombe 1 cha maji baridi. Koroga. Weka juu ya moto mdogo, uendelee kukoroga mpaka iwe nzito.

Namna ya kutengeneza

1. Laza boksi kwa ubavu, mdomo wake ukuelekee wewe. Upande wa nyuma kata dirisha la ukubwa wa kiganja.

2. Funika dirisha kwa karatasi nyeupe. Tia gundi pembeni tu. Ikikauka, paka mafuta kidogo katikati. Sasa karatasi itapitisha mwanga vizuri zaidi.

3. Kata vipande 3 vya boksi la zamani. Kila kimoja kienee ndani ya boksi lako. Katikati ya kila kipande kata tundu kama mdomo wa pango. Tundu la kwanza liwe kubwa, la pili dogo, la tatu dogo zaidi. Upande wa juu acha meno, yaani yale mawe yanayoning'inia.

4. Changanya masizi na gundi kidogo na maji. Paka vipande vyote na boksi kwa ndani. Usipake dirisha. Acha vikauke.

5. Sasa kata popo. Kunja kipande cha gazeti mara moja. Kwenye mkunjo chora nusu ya popo: nusu ya kichwa, sikio moja na bawa moja. Kata, kisha kunjua. Utapata popo mzima. Mpake masizi.

6. Gundisha vipande ndani ya boksi. Chenye tundu dogo kikae nyuma, na chenye tundu kubwa kikae mbele. Acha nafasi ya vidole 3 kati ya kipande na kipande. Ning'iniza popo kwa uzi katika nafasi hizo.

7. Usiku ukiingia, weka tochi nyuma ya dirisha. Chungulia kwa mbele. Utaona pango refu, na popo wanacheza.

Angalieni! Msitumie koroboi wala mshumaa. Karatasi yenye mafuta hushika moto upesi, na nyumba inaweza kuungua. Wembe ashike mtu mzima. Tena, msikamate popo wa kweli. Anaweza kuuma na kuleta ugonjwa. Mwacheni afanye kazi yake. Popo wengine hula wadudu, na wengine hula matunda na kutawanya mbegu za miti.

Sanduku lilipokwisha, mtoto alitaka kulionyesha kwa watu. Nikamwambia tuanze kwa bibi jirani.

"Shikamoo, bibi," mtoto akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmeniletea nini?"

Bibi aliinama, akachungulia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Popo hawa nawajua," akasema. "Ndio wanaomaliza maembe yangu!"

Watoto wengine wakaja kuchungulia, na mama zao wakawafuata. Usiku ule uwanja wa bibi ulijaa watu. Kila mmoja alimwamkia kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kipepeo mdogo alitoa kivuli kikubwa?
2. Kwa nini tunatumia tochi, wala si koroboi?
3. Watu walimtaja bibi kabla ya kuchunguza. Je, kijijini kwenu jambo kama hilo limewahi kutokea? Mlifanya nini?