Omena Anapumzishwa, Papa Je?

Kila Aprili, mama wa omena pale stendi ya 46 Kawangware hubadilisha kipimo. Kopo ni lile lile, lakini ule mlima uliokuwa ukimwagikia pembeni hauko tena. Mteja akinung'unika anajibiwa kwa maneno mawili: ziwa limefungwa. Na mteja analipa. Anajua kuwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai omena wa Ziwa Victoria upande wa Kenya huachwa wazaane, na kwamba Agosti kopo litajaa tena.

Tunataka papa wafanyiwe hivyo hivyo.

Papa anatuhusu nini sisi wa Kibera na Kawangware, tulio karibu kilomita 500 kutoka baharini kwa barabara? Wengi wetu tulimwona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye benchi, mkanda wa Jaws wa mwaka 1975 umechakaa mpaka bahari imekuwa ya kijivu. Papa alipotokea, kibanda kizima kiliinua miguu kutoka sakafuni. Anayeandika haya alikuwa mmoja wa watoto hao, na hofu ile haikukaa sana. Iligeuka kuwa hamu ya kujua, na hamu hiyo haijaisha. Hata Peter Benchley, aliyeandika kitabu kilichozaa filamu hiyo, alitumia miaka yake ya baadaye kuwatetea papa.

Na ni vigumu kutompenda ukimjua. Hana mfupa hata mmoja. Mwili mzima umeshikwa na gegedu, kama ile ya sikio lako. Ukoo wake una zaidi ya miaka milioni 400, yaani papa walikuwa wakiogelea kabla mti wa kwanza haujasimama duniani. Pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, hupitisha kichwa hicho juu ya mchanga na kunasa umeme mdogo unaotoka kwenye mwili wa samaki aitwaye taa aliyejifukia chini. Halioni windo lake, lakini anajua liko wapi. Papa shilingi, mkubwa kuliko samaki wote, anakula vidudu vya majini na samaki wadogo, na mtu anaweza kuogelea kando yake bila kudhurika.

Kwa mwaka wa kawaida, watu wanaouawa na papa dunia nzima hawafiki 10. Sisi binadamu tunaua papa karibu milioni 80. Papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa zaidi ya asilimia 70 tangu mwaka 1970. Pingusi wa pwani yetu yuko katika daraja la mwisho la hatari, hatua moja kabla ya kutoweka porini.

Safari moja, kwenye ufuo wa kaskazini mwa Malindi, tulikuta ndoo ya rangi ya lita 20 imewekwa kivulini. Ndani yake walikuwa pingusi kumi na wawili, vichwa chini mikia juu. Hakuna aliyezidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Tulipomgeuza mmoja, kati ya mapezi ya kifua kulikuwa na kovu la kitovu, bado jekundu. Alikuwa amezaliwa juzi tu. Mwenye ndoo hakuwa mtu mbaya. Alisema walinaswa pamoja na samaki wengine, na kwamba atawauza kwa fungu kwa sababu mmoja mmoja hawana bei.

Hapo ndipo hesabu inapokataa. Omena huzaa kabla hajamaliza mwaka, tena mayai mengi. Pingusi jike hukaa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kisha hubeba mimba karibu mwaka mzima. Pingusi jike aliyezaliwa mwaka 2017, SGR ilipoanza kubeba abiria kwenda Mombasa, bado hajapata mtoto wake wa kwanza. Ukimwondoa akiwa na urefu wa kiwiko hadi vidole, umeondoa pia watoto wote ambao angezaa, na bahari haiwezi kukurudishia kwa miezi minne kama ziwa linavyorudisha omena.

Sasa tazama tunavyowatunza wengine. Omena ana msimu wake. Mbuta ana kipimo: chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na wale wakubwa wa kuzaa waliopita 85 huachwa majini. Hata kamba wa Ghuba ya Ungwana wana miezi ya kupumzishwa, na meli za kukokota nyavu ziliwahi kusimamishwa kabisa huko mwaka 2006. Samaki wanaozaa haraka tumewawekea kalenda na rula. Yule anayezaa polepole kuliko wote, mwulize mvuvi au muuzaji yeyote ni wa kiasi gani haruhusiwi kuvuliwa, uone kama atakujibu.

Tumesikia visingizio vya kutosha. Kwanza tunaambiwa dunia imeshalishughulikia jambo hili, kwa sababu mwaka 2013, kwenye mkutano wa Bangkok, nchi zilikubaliana kudhibiti biashara ya pingusi kuvuka mipaka. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini makubaliano hayo yanalinda mpaka. Wale kumi na wawili wa kwenye ndoo hawakuwa wakienda ng'ambo. Walikuwa wanaenda kuanikwa na kutiwa chumvi wawe ng'onda, na ng'onda huliwa hapa hapa, kwa tui la nazi. Ukifungiwa kipande kwenye gazeti, kichwa kimeshaondolewa, na kichwa ndicho kingekuambia umenunua nani.

Pili, wanasema wavuvi warudishe wadogo majini basi. Anayesema hivyo hajamwona pingusi wavuni. Hufa upesi zaidi kuliko papa wengine; mara nyingi wavu unapovutwa ameshakufa, na kumrudisha ni kumtupa. Ndiyo maana rula peke yake haitoshi. Dawa ni wavu usiwepo pale wanapozaliwa, katika miezi wanayozaliwa.

Tatu, na hiki ndicho kisingizio chenye uzito: mvuvi atakula nini? Atakula anachokula sasa, isipokuwa hawa papa wachanga. Hatusemi bahari ifungwe. Tunasema maji mafupi ya malezi yafungwe kwa majuya na nyavu za matundu madogo kwa miezi michache, huku mishipi na madema yakiendelea. Juya la kukokota lilipigwa marufuku tangu 2001. Kulitekeleza hilo tu kungekuwa nusu ya kazi. Na mwenye juya apewe njia ya kubadilisha zana kabla ya kunyang'anywa, kwa sababu mtu hawezi kulisha watoto kwa notisi ya serikali.

Nne, eti hatujui miezi. Waulizwe wavuvi wa Ngomeni na Kipini. Wanajua ni lini nyavu hujaa watoto wa papa kama vile mama wa 46 anavyojua Aprili. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa. Wakae pamoja, na tarehe itapatikana.

Na sisi wa huku juu tusijifanye tuko mbali. Mto Ngong unapita Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi; maji ya Kawangware nayo huteremka hadi Mto Nairobi. Yote hukutana kwenye Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini kaskazini mwa Malindi, kwenye bahari ile ile ya ndoo tuliyoiona. Mvua kubwa zikinyesha, bahari pale hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Chupa iliyotupwa Gatwekera, hapo Kibera, ina njia ya kufika huko bila nauli. Nyavu ndizo zinazowamaliza papa, si chupa, lakini anayedai wenzake wa pwani wafunge maji yao afunge kwanza mfuko wake wa taka.

Anayeuza samaki soko la Makina au la Toi anaweza kuanza kesho: amkatae papa mdogo, amwulize anayemletea ng'onda imetoka kwa papa wa aina gani na wa urefu gani. Akiulizwa mara tatu, mletaji ataanza kuwauliza wavuvi.

Idara ya uvuvi nayo inajua jinsi ya kufunga maji. Imefanya hivyo ziwani miaka mingi, na tangazo la omena hufika mpaka kwa mama wa 46. Tunataka kulisikia la papa kwenye redio, lenye tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua, kabla ya msimu ujao wa kuzaa.