Mjukuu wa Kiwanuka alivyopikwa New York

New York Giants walipomsajili Mathias Kiwanuka mwaka 2006, safu yao ya ulinzi tayari ilikuwa na Michael Strahan na Osi Umenyiora. Mfanyabiashara angesema wamenunua shehena ghala likiwa limejaa. Lakini majeruhi walimfungulia njia mjukuu huyo wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

Novemba alimkamata Vince Young, mrushaji wa Tennessee, akamwachia akidhani mpira umesharushwa. Giants, waliokuwa wakiongoza 21-0, wakalala 24-21. Hakutemwa. Mwaka 2007 akahamishiwa nyuma ya safu, uamuzi uliomchelewesha kuliko kosa lile, kisha akavunjika mguu. Mwaka 2008 Strahan alistaafu, Umenyiora akaumia goti. Kiwanuka akarudishwa mstari wa mbele, akaangusha warushaji mara nane.