Sikio linalovuma lichunguzwe kwanza

Mgonjwa akilalamika kuwa sikio linavuma, mara nyingi huambiwa hakuna dawa, azoee tu. Si uongo mtupu: mivumo mingi huja na usikivu uliopungua kwa uzee au kwa kelele za miaka mingi, na haina dawa ya kuimaliza. Tunachokataa ni jibu hilo kutolewa kabla sikio halijatazamwa.

Wapo wanaovumiwa na nta iliyoganda, au unywele uliogusa kiwambo cha sikio. Hao hupona wakisafishwa. Mwingine mlio humpanda akikaza taya au akigeuza shingo. Huyo aangaliwe meno, taya na misuli. Mwaka 1998 Lloyd Minor na wenzake wa Baltimore, Marekani, walieleza tundu dogo kwenye mfupa unaofunika mfereji mmoja wa sikio la ndani. Baadhi ya wenye tundu hilo husikia hata macho yao yakigeuka! Mgonjwa akisema hivyo, asidhaniwe amechanganyikiwa.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mvumo unaodunda. Mganga amshike mgonjwa mapigo ya mkono, na mgonjwa agonge meza akifuata sauti anayoisikia. Vikienda pamoja, basi huenda anasikia damu yake mwenyewe ikipita. Sababu yaweza kuwa upungufu wa damu, vena iliyobanwa, uvimbe wa mishipa nyuma ya kiwambo, au ateri iliyotobokea kwenye vena ndani ya utando wa ubongo. Hii ya mwisho inaweza kuvujisha damu kichwani, na wataalamu huiziba kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Mganga akiweka stetoskopu shingoni na nyuma ya sikio, wakati mwingine naye huisikia sauti ileile.

Stetoskopu ipo hata kwenye zahanati ya kijijini. Kipimo cha MRI ni ghali na kiko mbali, ndiyo maana dakika chache za uchunguzi huu zina thamani: zinaonyesha nani hasa atafutiwe nauli ya kwenda mjini. Wizara ya Afya iweke maswali haya kwenye mwongozo wa waganga: ni sikio moja au yote mawili? Linadunda? Sauti hubadilika ukikaza taya? Anayedundwa, au anayevumiwa upande mmoja tu, apewe rufaa bila kucheleweshwa. Aliyezibwa sikio ghafla bila nta yoyote kuonekana apewe rufaa siku hiyohiyo.