NGURUWE APIMWE KWA KIPIMO KIPI?



Nguruwe akifa ghafla, usiseme ni homa ya kawaida. Huenda ni Homa ya Nguruwe ya Afrika. Wataalamu waliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921. Huletwa na virusi. Hapa nchini hauna chanjo wala dawa. Haumshiki mtu, si kama tauni iliyoingia Lushoto mwaka 1980. Lakini humaliza banda zima.

Dalili zake ni homa kali, kukataa chakula, masikio na tumbo kuwa mekundu, na kuharisha damu. Magonjwa mengine pia yana dalili hizi. Kwa hiyo macho hayatoshi. Lazima maabara ipime.

Nitaeleza vipimo viwili. Cha kwanza huitwa PCR. Hutafuta virusi vyenyewe katika damu au bandama. Cha pili huitwa ELISA. Hutumika kutafuta kinga ambayo mwili wa nguruwe hutengeneza ili kupigana na virusi. Kinga hiyo huonekana baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Nguruwe wengi hufa kabla ya hapo. Basi kipimo cha kinga kitasema hana, kumbe anao! Ni kama kipimo cha UKIMWI pale zahanati: aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kuonekana hana.

Maoni yangu ni haya: nguruwe anayeugua au kufa ghafla apimwe kwa PCR. Kipimo cha kinga kina kazi yake, yaani kuwatambua nguruwe waliougua wakapona. Kisitumiwe peke yake kumruhusu mtu auze.

Najua nguruwe mmoja ni sare na madaftari ya mtoto. Najua pia kwamba maabara kuu ya mifugo iko Temeke, Dar es Salaam, mbali na milima yetu. Lakini nyama ya nguruwe mgonjwa ikiteremshwa Mombo, ugonjwa unateremka nayo. Kesho utapanda tena hadi bandani kwako.

Fanya hivi: usichinje, usiuze, usipasue mzoga. Mwite bwana mifugo siku ile ile. Yeye atachukua damu na kuipeleka ikiwa kwenye barafu. Unapongoja majibu, funga banda, wala usiwape nguruwe makombo yenye nyama.

Majibu yakifika, uliza: "Mmetumia kipimo kipi?" Ni haki yako kujua.